Alama Nyekundu Juu ya So

4 Februari

Kwako Chiriku,

Nakuomba radhi kwa kimya cha miezi minne. Barua yako ya Oktoba niliipokea, nikaisoma, nikaiweka chini ya kitambaa cha kinanda, mahali ninapoweka mambo yanayotaka jibu. Kisha mkono ukaniuma. Kisha fundi wa kinanda akaja, akakifumua sebuleni kwa wiki mbili. Kisha nikaona aibu ya kuchelewa, na aibu hiyo huzaa kuchelewa kwingine. Sitoi sababu zaidi. Mtu mzima akikosa, aseme amekosa.

Uliniuliza swali moja. Kiongozi wa muziki wa kundi lenu la maigizo, huyo mnayemwita Fimbo kwa ajili ya kijiti chake cha kuongozea, amekusikia ukipanda juu, akasema wewe ni soprano. Ukauliza kama mimi nilikosea kukuita alto.

Sikukosea. Nimekufundisha tangu una miaka kumi na miwili. Alama nyekundu niliyoitia kwa rangi ya kucha kwenye kibonye cha so, ile iliyo juu ya do ya kati, ingalipo. Fundi alitaka kuifuta, nikamshika mkono. Sauti ya kifua, ile unayomwitia mtu aliye ng'ambo ya barabara, inapaswa kufika hapo kabla ya kukabidhi kazi kwa sauti nyembamba ya kichwa. Ndivyo nilivyofunzwa, ndivyo nilivyoimba miaka ishirini na sita, ndivyo nilivyokufunza wewe.

Mdogo wako, Kitinda, anasoma kwangu tangu Januari. Ana miaka kumi na mitatu na anakula kama fundi mwashi. Baba yako anakusalimu. Huniuliza kila siku kama umeandika, nami humwambia kwamba wewe huandika ukiwa na njaa.

Barua yako haikuwa na tarehe. Mwezi niliujua kwa muhuri wa posta. Barua isiyo na tarehe ni mgeni asiyebisha hodi.

Shangazi yako


15 Februari

Shangazi, shikamoo.

Tarehe hiyo hapo juu, umeiona? Na sina njaa.

Nina habari kubwa. Katika mchezo mpya nimepewa nafasi ya mama! Mwanawe amefukiwa mgodini, naye anasimama mlangoni mwa shimo na kumwita mara tatu, bila kinanda, bila ngoma, ukumbi mzima kimya. Na mwito wenyewe uko wapi? Kwenye so. Palepale penye alama yako. Nilipoiona karatasi nilicheka peke yangu.

Sasa sicheki. Kinakatika, Shangazi. Napanda vizuri kutoka do, nafika mi, na nikigusa fa kifua kinakatika kama kamba ya kuanikia nguo. Juzi Fimbo alisimamisha mazoezi.

"Sitaki malaika," akasema. "Malaika ninao kumi na wawili humu ndani. Nataka mama aliyefiwa. Itoe kifuani!"

"Kinakatika, Mwalimu."

"Kinakatikaje? Wewe unafika huko darini kwenye buibui, so itakushindaje?"

Yupo mwenzangu, alto, tunamwita Ngurumo kwa sababu akiimba kioo cha dirisha la ofisi hutetemeka. Akapaza sauti kutoka nyuma: "Nipe mimi hiyo so, Mwalimu, nakuimbia huku nimelala!"

"Wewe endelea kulala. Na zile nyimbo mbili za mwisho utazifikia kwa ngazi?"

Watu wakacheka mpaka fundi wa taa akashuka kuuliza kuna nini. Ndiyo maana ananing'ang'ania mimi. Mwisho wa mchezo mama anaimba juu sana, na kule juu mimi ndiye mwenyeji. Lakini bila ule mwito sina nafasi, na chumba ninacholala ni cha kundi.

Ulikuwa ukiniambia kwamba kifua kinachokatika ni kifua kivivu. Niambie kweli, nimezembea? Onyesho la kwanza ni tarehe mbili Mei.

Nina mafua kidogo, si kitu.

Mwanao mtiifu,
Chiriku


24 Februari

Kwako Chiriku,

Kifua kinachokatika ni kifua kivivu. Nilisema na sibadili.

Kila asubuhi, kabla hujanywa chai, panda kutoka do hadi so kwa kifua kitupu, mara thelathini. Kikikatika, rudi chini uanze upya. Usijifiche kwenye sauti ya kichwa. Wengi hukimbilia huko kama wapangaji wanaotoroka kufagia ua.

Nikupe mfano wa karibu. Jana mdogo wako alifika so huku akitazama dirishani, bila jasho, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kula. Ana wiki saba tu za masomo. Baba yako alikuwa anabadilisha balbu, akauliza inakuwaje mkubwa ashindwe mahali mdogo anapopita. Nikamjibu kwamba kipaji unacho ila hujipi kazi.

Najua maneno haya yatakuuma. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mafua ni kitu. Funika koo.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimefika. Tangu Jumatatu naipata so kwa kifua, mara tatu zote. Fimbo alipiga kijiti chake mezani, akasema, "Huyo ndiye mama!" Mwambie baba.

Thelathini zako nimezifanya arubaini. Nazifanyia stoo, katikati ya mavazi, ili nisiwaamshe wenzangu.

Barua ni fupi kwa kuwa kazi ni nyingi. Nanywa maji ya moto. Usiwe na wasiwasi.

Chiriku


29 Machi

Kwa Mama Mwalimu, shangazi yake Chiriku,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni yule alto anayetikisa vioo. Chiriku hajui kwamba nakuandikia. Anwani nimeitoa kwenye bahasha zako, nisamehe kwa hilo.

Siku tano zilizopita, katikati ya mwito wa pili, sauti yake ilitoka mara moja kama bati linalokwaruzwa, kisha haikutoka tena. Alifungua mdomo tukaona mdomo tu. Fimbo alidhani anaigiza, akasema, "Vizuri, vizuri." Mimi ndiye niliyemshika mkono.

Siku ya tatu nilimpeleka kwa daktari wa koo. Ana vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, vimekaa vikikabiliana. Daktari ameamuru kimya cha wiki sita: asiimbe, asiseme, hata kunong'ona asinong'one. Kimya kinaisha tarehe nane Mei. Onyesho la kwanza ni tarehe mbili. Hesabu hiyo unaiona mwenyewe. Sasa anatembea na daftari shingoni kama mtoto wa chekechea, na Chiriku asiyesema, Mama, ni kitu cha kutisha. Chumba kimekuwa kikubwa.

Ameandika kwenye daftari kuwa ni uvivu wake, kuwa hata mdogo wake anapita. Mimi si msomi. Nimekuwa nikimsikia stoo tangu Februari, akivuta kifua mpaka so kama anayevuta ndoo yenye kamba fupi. So hiyo mimi naifikia nikiwa natafuna mkate. Lakini mimi ni alto. Yule ni soprano. Hata fundi wa taa anajua.

Nani alimwambia kwamba kifua chake kinafika huko? Nauliza kwa heshima. Jibu simtafutii Fimbo, namtafutia yeye.

Wako,
Ngurumo


3 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Usinyanyue kalamu kunijibu mpaka umeisoma yote.

Rafiki yako ameniandikia. Usimkasirikie. Ameuliza nani, nami nitajibu.

Watu wengi, na huyo Fimbo wenu ni mmojawapo, hudhani kuwa mwenye sauti ya juu zaidi ndiye anayebeba kifua juu zaidi. Ni kinyume. Fikiria nyumba mbili. Ya alto ina ghorofa ya chini yenye dari refu, na juu yake ghorofa chache. Anaweza kukaa chini muda mrefu kabla ya kutafuta ngazi. Ya soprano ina ghorofa ya chini yenye dari fupi, lakini juu yake ghorofa haziishi. Yeye lazima apande ngazi mapema, pale kwenye mi au fa. Mezo yuko kati yao. Hakuna aliye mvivu. Nyumba ndizo tofauti. Na ukimlazimisha mtu kusimama wima chini ya dari fupi, atapasua kichwa chake, dari halitapanda.

Haya sikuyajua kutoka kwa daktari. Nimeyajua miaka yote.

Alama ile nyekundu niliipima kwa kifua changu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini, nikaimba mpaka pale sauti ilipotaka kugeuka, nikaitia rangi. Ulipokuja kwangu, sikukupima. Nilikukalisha kwenye kigoda nikakuonyesha alama.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita, siku moja mchana, ulikuwa chumba cha pili unapiga pasi. Ukadhani nimetoka. Ulikuwa unaimba peke yako, wimbo usio na maneno, nami nilisimama jikoni na birika mkononi. Ulivuka penye mi. Hakuna aliyekuambia uvuke. Ulivuka kama mtu anayepita mlango wa kwao, na ulikotokea juu kulikuwa na mwanga ambao mimi sijawahi kuwa nao hata siku moja. Nikajua pale pale kwamba wewe ni soprano, na kwamba miaka minne nimekuwa nikikuvuta kwa kamba isiyo yako.

Kesho yake ulikuja kwenye kigoda. Nikakuonyesha alama ileile.

Ninaweza kusema kwamba nilikwisha kuwatangazia watu kuwa nimepata alto kama mimi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sauti yangu ilikuwa imeanza kuzeeka. Nilitaka kuisikia tena, ikitoka kwenye koo changa. Watu husema asiyeweza kutunza siri hana kifua. Mimi nimekuwa nacho miaka tisa, na bora nisingekuwa nacho.

Ulipouliza Oktoba, mkono haukuniuma. Fundi alikuja siku mbili tu, si wiki mbili. Sikuwa na jibu lisilonivua nguo. Na Februari nilipokuandikia habari za mdogo wako, nilijua kwa nini anafika. Yule ni alto. Alama inamtosha kwa sababu ana nyumba kama yangu. Nilitumia nyumba yake kukupiga wewe.

Mara thelathini kila asubuhi. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, nikiwa nimekaa, nimekunywa chai yangu.

Siombi msamaha katika barua hii. Ukiombwa na mtu mzima utaona haya kukataa, na sitaki nikufunge hivyo.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi,

Nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopanda do mpaka so.

Nilitaka kupiga kelele na siruhusiwi. Je, unajua kuwa na hasira bila sauti kukoje? Nilichukua mto nikaupiga. Ngurumo akaingia akanitazama, akasema, "Mpige na huyo mto wa kushoto, ameanza dharau." Nikacheka bila sauti, kisha nikalia bila sauti. Kumbe vyote vinawezekana.

Nina mambo mawili.

La kwanza. Barua yangu ya Machi ilikuwa ya uongo. Niliposema nimefika, nilikuwa natema damu kidogo asubuhi, nikawa naiosha haraka. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utasema mvivu. Kwa hiyo sote wawili tuliandikiana uongo, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Lakini wangu ulikuwa na wiki tatu. Wako ulikuwa na miaka tisa.

La pili. Ulimwambia baba, naye ameshika balbu mkononi, kwamba sijipi kazi. Wiki iliyofuata aliniandikia mistari minne, barua ya kwanza kutoka kwake maishani mwangu. Aliandika, "Mwanangu, usituaibishe, jikaze." Nilijikaza, Shangazi. Arubaini badala ya thelathini, kumi zile ni za baba.

Mwambie. Si kwa barua, mwambie kwa mdomo, mdogo wangu akiwepo. Mdomo unao.

Daktari amenieleza njia mbili. Anaweza kunidunga sindano ya kupunguza uvimbe nikapanda jukwaani tarehe mbili, nikaita mara tatu, nikaimba mpaka mwisho. Lakini baada ya hapo hakuahidi kitu. Akasema kovu likikaa kwenye uzi wa sauti halitoki. Au nitimize kimya mpaka tarehe nane, kisha nianze upya kama mtoto, taratibu, na nafasi apewe mwingine. Fimbo anataka jibu Ijumaa ya tarehe ishirini na sita, saa nne asubuhi.

Usinipe ushauri.

C.


18 Aprili

Kwako Chiriku,

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nilimwita na mdogo wako sebuleni, nikasimama kando ya kinanda kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Nilisema yote: alama, pasi, birika, barua. Baba yako akauliza, "Kwa hiyo mtoto hakuwa mvivu?"

"Hakuwa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Dada," akasema, "mimi sijui kuimba. Nilikuletea mwanangu kwa kuwa unajua." Akaondoka. Mpaka leo ananiamkia mlangoni na haingii ndani. Nimeyastahili.

Kitinda akabaki. Huyo hana adabu na namshukuru. Akauliza, "Sasa na mimi Shangazi, hii so ni yangu au ni yako?" Nikamwambia kwamba sijui, kwa maana yeye pia sikumpima. Nikafungua kinanda, nikafunika alama kwa karatasi, nikamwambia apande huku nimefumba macho, asiniambie yuko wapi. Alivuka juu kidogo ya so yangu. Hata yeye, mwenye nyumba kama yangu, si mimi.

Nilichukua wembe ili niikwangue ile alama. Kisha nikaacha. Ilikuwa ya kweli kwa mtu mmoja, na huyo mtu yupo. Ila sitamkalisha mwingine mbele yake.

Sikupi ushauri. Kukaa bila kukupa ushauri ni zoezi gumu kuliko yote niliyowahi kukupa.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi,

Baba ameniandikia tena. Safari hii mistari miwili. Sikuambii alichoandika, ni cha kwangu. Nimekibandika ndani ya jalada la daftari.

Leo mchana, wenzangu walipoenda kula, nilibaki peke yangu na kinanda cha ukumbi. Sikufungua mdomo, usiogope. Nilipiga kwa kidole kimoja: do, re, mi. Nikasimama hapo. Nikasikiliza kichwani mwangu mahali ninapopita nikiwa sijui kama kuna mtu anayenisikiliza. Kutoka hapo mpaka kwenye so yako ni vibonye vitatu tu, ukihesabu na kile cheusi. Vitatu! Nimepotezea hapo miaka.

Ngurumo ana rangi ya kucha, nyekundu mno, ya harusini. Nilitia tone moja kwenye mi.

Fimbo alirudi kabla haijakauka. "Nani amechafua kinanda changu?"

Nikanyanyua kidole.

"Hii ni nini?"

Nikaandika daftarini: Hapo ndipo kifua changu kinapoishia. Akasoma. Akaenda dirishani, akarudi, akasoma tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na mama aliyefiwa nitamtoa wapi?" Nikageuza ukurasa nikaandika: Alto yupo, amelala. Hakucheka. Akasema kwamba nyimbo za mwisho bado ni za juu, kwamba mchezo hauwezi kuwa na mama wawili, kwamba daktari wa sindano yupo na tiketi zote zimekwisha kuuzwa. Akasema, "Ijumaa, saa nne." Lakini hakuifuta alama. Nilimtazama, alikuwa na leso mkononi na hakuifuta.

Nafasi hii naitaka, Shangazi. Usidhani kwamba kwa kuwa sasa najua ukweli basi siitaki. Nimewahi kusimama pale mbele, na naujua ule ukumbi unavyonyamaza. Sijui kama nitasimama tena mahali kama pale. Na sauti hii sijawahi kuijua. Nimeishi nayo miaka ishirini na mitano na hatujatambulishana. Ndivyo vitu viwili vilivyo mezani kwangu.

Ijumaa, jibu nitampa Fimbo kwa maandishi, maana mdomo umefungwa. Nikishaamua, nakala ya maneno hayohayo nitakutumia wewe, siku hiyohiyo, bila kuongeza na bila kupunguza. Isome kwa sauti. Baba naye awe ndani ya nyumba, si mlangoni.

Mwanao,
soprano